Ukivunja Bima ya Nyumba Kabla ya Mwaka Kwisha



Siku hizi mawakala wa bima wanafika hadi malango ya viwanda na makambi ya mashamba ya chai na miwa, hasa siku ya mshahara. Wanaandikisha bima ya maisha, bima ya mazishi, na sasa bima ya nyumba pia. Si jambo baya. Mfanyakazi aliyejinyima kwa miaka 10 au 15 mpaka akajenga kwa matofali na kuezeka bati huko kwao ana haki ya kulala bila kuogopa moto. Lakini wakala hueleza jinsi ya kuingia tu. Jinsi ya kutoka haelezi. Mwanachama anapotaka kutoka, kwa kuwa ameachishwa kazi, au ameuza nyumba, au amemaliza mkopo, au fedha hazitoshi tu, ndipo anapogundua kwamba anarudishiwa kidogo kuliko alivyohesabu. Pengine harudishiwi kitu. Pengine anaambiwa kuwa yeye ndiye anayedaiwa. Twapenda kueleza hesabu hiyo inatoka wapi, na mfanyakazi afanye nini asipoteze zaidi ya inavyolazimu.

Kwanza lieleweke jambo hili. Bima ya nyumba kwa kawaida ni mkataba wa miezi 12. Shirika la bima hupanga ada ya mwaka mzima. Ukikubaliwa kulipa kidogo kidogo kwa kukatwa mshahara, hapo umerahisishiwa malipo tu. Hukununua bima ya mwezi mmoja mmoja. Wengi wetu tunaichukua bima kama kodi ya chumba: mwezi ukiisha nahama, sidaiwi na mtu. Mkataba hausemi hivyo. Katika hati ya bima, mara nyingi kwenye kurasa za nyuma zenye maandishi madogo, yamo masharti ya jumla, na mojawapo ni sharti la kuvunja bima. Mwanachama anayeletewa hati aanze kusoma hapo, kabla ya kusoma jina lake kama limeandikwa sawasawa.

Sharti hilo lina pande mbili. Upande mmoja unasema kuwa shirika laweza kuvunja bima kwa kumpa mwenye bima taarifa ya siku kadhaa, na likifanya hivyo litamrudishia ada ya siku zilizobaki, siku kwa siku. Upande wa pili unasema kuwa mwenye bima naye aweza kuivunja wakati wowote, lakini hapo shirika litazuia sehemu ya ada kwa kufuata "jedwali la muda mfupi". Mkataba ni mmoja, vipimo ni viwili. Shirika likivunja, siku zinahesabiwa kwa haki. Mfanyakazi akivunja, linatolewa jedwali.

Hatukulitunga sisi sharti hili. Hati zinazotumika Uganda, Kenya, Tanzania, Zambia na Malawi zimefuata mtindo wa Uingereza, na mashirika yaliyofungua matawi huku zamani yalikuja na karatasi zao zimekwisha kupigwa chapa. Marekani nako walikuwa na lao. Hati ya kawaida ya bima ya moto ya New York ya mwaka 1943, ambayo majimbo mengi ya huko yaliiga, ililiruhusu shirika kuvunja bima kwa taarifa ya siku 5 na kuhesabu siku kwa siku. Mwenye nyumba akivunja yeye, alihesabiwa kwa viwango vya muda mfupi.

Sasa tulitazame jedwali lenyewe. Majedwali hayafanani kila mahali, kwa hiyo tutachukua mfano unaojulikana vizuri, yaani kanuni za bima ya moto za India za mwaka 2001. Kanuni hizo zilisema hivi: bima ikikaa siku zisizozidi 15, shirika huchukua asilimia 10 ya ada ya mwaka. Isipozidi mwezi 1, asilimia 15. Miezi 2, asilimia 30. Miezi 3, asilimia 40. Miezi 4, asilimia 50. Miezi 5, asilimia 60. Miezi 6, asilimia 70. Miezi 7, asilimia 75. Miezi 8, asilimia 80. Miezi 9, asilimia 85. Ikizidi miezi 9, shirika linachukua ada yote ya mwaka.

Tuseme mwenzetu wa kiwanda cha nguo amelipa shilingi 120,000 za bima ya nyumba yake kwa mwaka. Hizo ni shilingi 10,000 kwa mwezi. Baada ya miezi 6 kamili anaamua kuivunja. Yeye anahesabu hivi: nimetumia nusu, nirudishieni nusu, yaani 60,000. Shirika linafungua jedwali: miezi 6 ni asilimia 70, yaani 84,000. Anarudishiwa 36,000. Hizo 24,000 zilizopotea katikati ndizo gharama ya kuvunja bima, ingawa hakuna mahali zimeandikwa kwa jina hilo. Hatapewa ankara ya gharama. Ataona tu hundi ni ndogo.

Angevunja baada ya miezi 3, shirika lingezuia 48,000 badala ya 30,000, na hasara yake ingekuwa 18,000. Angevunja baada ya miezi 10, asingepata hata senti moja, ijapokuwa bado kuna miezi 2 ambayo shirika limelipwa na halibebi tena hatari yoyote.

Tazameni pia neno "isipozidi". Kila ngazi ya jedwali inaishia siku fulani, na siku moja ya ziada inampeleka mtu ngazi ya juu. Aliyevunja siku ya mwisho ya mwezi wa kwanza anazuiliwa asilimia 15, yaani 18,000. Mwenziwe aliyeleta barua siku iliyofuata anahesabiwa miezi 2, asilimia 30, yaani 36,000. Amelipa shilingi 18,000 kwa siku moja! Ndiyo maana twasema kwamba tarehe ya kuvunja bima haichaguliwi ovyo. Mtu atazame jedwali la hati yake, ahesabu tangu siku bima ilipoanza (siyo siku alipokatwa mshahara mara ya kwanza), na barua ifike shirikani kabla ya ngazi kupanda. Na ikiwa miezi 9 imekwisha kupita kwa jedwali la namna hii, hakuna faida ya kuivunja. Fedha zimekwisha kuliwa. Heri aiache nyumba ikae ndani ya bima mpaka mwaka uishe, kisha asiandikishe upya.

Mashirika yana maelezo yao, na ni haki tuyataje. Gharama nyingi za bima hutumika siku ya kwanza: wakala analipwa fungu lake, mtu anatumwa kukagua nyumba, hati inaandikwa na kupigwa mhuri. Ukiondoka baada ya mwezi mmoja, gharama hizo zimekwisha kutoka. Tena moto na mafuriko havina bahati sawa kwa miezi yote. Kama kila mtu angekata bima wakati wa kiangazi nyasi zinapokauka, na kuivunja mvua zikinyesha, mfuko usingetosha kuwalipa waliounguliwa. Hoja hii ina ukweli, na mfanyakazi yeyote aliyewahi kuweka fedha katika chama cha kufa na kuzikana anaielewa: watu wakiingia wakati wa msiba na kutoka baada ya matanga, chama kinakufa.

Lakini hoja hiyo inafika mahali inaishia. Gharama za siku ya kwanza zaweza kueleza kwa nini shirika linazuia asilimia 10 au 15 mwanzoni. Haziwezi kueleza kwa nini anayevunja katikati ya mwaka anapoteza zaidi ya anayevunja mwezi wa kwanza, maana hati iliandikwa mara moja tu na wakala alilipwa mara moja tu. Na mtu aliyeuza nyumba yake, au aliyepunguzwa kazini, hakukimbia mvua wala kiangazi. Kwa maoni yetu jedwali hili limewekwa hasa ili mteja aone uzito wa kuondoka.

Kuna jambo linalowaumiza wanachama wetu kuliko jedwali lenyewe, nalo ni makato ya mshahara. Turudi kwa mwenzetu yule, lakini safari hii tuseme hakulipa 120,000 kwa mkupuo, bali hukatwa 10,000 kila mwezi. Mwezi wa 6 anamwambia karani wa mishahara asimamishe makato, na anadhani amekwisha kumalizana na bima. Amekwisha kulipa 60,000. Jedwali linasema shirika lina haki ya 84,000. Basi shirika linamwandikia kwamba anadaiwa 24,000. Mtu huyu hana bima, hana fedha za kurudishiwa, na ana deni. Hakuna aliyemwibia kwa mujibu wa maandishi. Sharti lilikuwamo katika hati aliyotia sahihi, ila hakusomewa.

Tena kusimamisha makato siyo kuvunja bima. Haya ni mambo mawili, na kila moja lina barua yake. Barua ya kwanza huenda kwa shirika la bima, ya pili kwa ofisi ya mishahara. Ukipeleka ya pili tu, bima inabaki imefungwa au imekufa kwa kutolipwa, kutegemea hati inavyosema, na shirika huenda likaendelea kudai. Ukipeleka ya kwanza tu, karani ataendelea kukukata mwezi hadi mwezi kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache, na kuzifuata fedha hizo baadaye ni safari ndefu. Wanaoachishwa kazi wajihadhari zaidi. Siku ya mwisho kazini mtu anatia sahihi karatasi nyingi, na makato ya bima hukatika yenyewe pamoja na mshahara bila barua yoyote kwenda shirikani. Mwakilishi wa wafanyakazi alitazame jambo hili wakati wa kusimamia malipo ya mwisho: je, ndugu huyu ana bima inayokatwa hapa? Ataendelea kuilipa mwenyewe, au ataivunja?

Yuko pia yule aliyekwisha kulipwa fidia katika mwaka huo huo. Tuseme upepo uling'oa bati mwezi wa 2, shirika likalipa, na mwezi wa 5 mwenye nyumba anataka kuvunja. Kwa kawaida hati husema kwamba aliyelipwa fidia harudishiwi ada, na kama alikuwa akilipa kidogo kidogo atamaliza ada ya mwaka mzima. Sharti hili hatuligombi. Mfuko ulimsaidia alipohitaji.

Sasa tuje kwa anayeuza nyumba, maana hapa watu wanapoteza zaidi ya gharama ya kuvunja. Katika sheria ya Kiingereza bima ni mkataba wa mtu na shirika, haiifuati nyumba. Iko kesi maarufu ya huko Uingereza iitwayo Rayner na Preston, iliyoamuliwa mwaka 1881. Preston alikuwa ameahidi kwa mkataba kumwuzia Rayner jengo kwa pauni 3,100. Kabla ya mauzo kukamilika jengo likaungua. Preston alikuwa na bima, akalipwa pauni 330. Rayner akalazimika kulipa bei yote, kisha akaenda mahakamani kudai fedha zile za bima. Mahakama ya rufani ilimkatalia kwa wingi wa majaji: bima ilikuwa ya Preston, haikuwa ya jengo. Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 1883 shirika la bima nalo lilimshtaki Preston lirudishiwe pauni zake, kwa kuwa alikwisha kupata bei kamili na kwa hiyo hakupata hasara, likashinda. Mnunuzi hakupata kitu, mwuzaji alirudisha alichopata, na aliyetoka na fedha mkononi ni shirika.

Kwa hiyo ndugu anayenunua nyumba au kibanda cha biashara asitegemee bima ya mwuzaji. Aandikishe yake tangu siku ya kutia sahihi mapatano. Na anayeuza asiharakishe kuvunja bima siku anapopokea malipo ya kwanza, maana mnunuzi akishindwa kumaliza, nyumba ni yake bado na imebaki wazi. Asubiri mpaka mauzo yakamilike. Hata hapo iko njia nzuri kuliko kuvunja. Aliandikie shirika, yeye pamoja na mnunuzi, kuomba hati ihamishiwe kwa jina la mnunuzi kwa miezi iliyobaki. Shirika likikubali, litaandika nyongeza katika hati, na mnunuzi atamlipa mwuzaji ada ya miezi hiyo kwa hesabu ya siku kwa siku waliyopatana wenyewe. Jedwali halifunguliwi. Lazima shirika likubali kwa maandishi. Maneno ya wakala peke yake hayatoshi.

Wenzetu wa Kongo na Burundi wasichukue maelezo haya kuwa ni yao moja kwa moja, kwani sheria zao zilitoka katika mkondo wa Kibelgiji na Kifaransa. Katika sheria ya Ufaransa bima huifuata nyumba: ikiuzwa au ikirithiwa, bima inaendelea kwa mnunuzi au mrithi. Huko Kongo, kwa karibu miaka 50 tangu mwaka 1966 hapakuwa na shirika la pili la kukimbilia ila SONAS la serikali. Ukiritimba huo ulifutwa na sheria ya bima ya tarehe 17 Machi 2015. Sasa yapo mashirika mengine, na kila moja lina hati yake ya kusomwa.

Walio na mkopo wa nyumba wana shida ya namna nyingine. Benki ikikopesha kwa dhamana ya nyumba hudai nyumba iwe na bima, na jina la benki huandikwa ndani ya hati ili ikiungua benki ilipwe kwanza. Bima kama hiyo huwezi kuivunja peke yako. Shirika litataka barua ya benki ya kuridhia, na benki haitaridhia ikiwa deni lipo. Wengine hawajui kama benki imekwisha kuwakatia bima, wakanunua na nyingine kwa wakala. Kuwa na hati mbili hakuleti fidia mbili. Nyumba ikiungua, mashirika yatagawana hasara, na mtu atapata thamani ya alichopoteza tu. Ukigundua una hati mbili, vunja ile uliyonunua mwenyewe, tena mapema, kabla jedwali halijapanda.

Anayemaliza mkopo mapema naye akumbuke kitu ambacho benki mara nyingi haimkumbushi. Pengine ada ya bima ilikatwa kwa mkupuo kwa miaka yote ya mkopo siku ya kukopa. Ikiwa mkopo ulikuwa wa miaka 5 na umeumaliza kwa miaka 2, iko miaka 3 ambayo umeilipia na haijaanza. Kwa fedha za miaka ambayo haijaanza, hoja ya gharama za jedwali ni dhaifu kabisa. Dai, na udai kwa maandishi. Usipodai hapana atakayekuletea nyumbani.

Jambo jingine linahusu sana watu wa mashambani. Hati nyingi za bima ya nyumba zina sharti kuwa nyumba ikikaa bila mtu kwa muda fulani, mara nyingi siku 30 mfululizo, bima ya wizi inasimama, na pengine nyinginezo. Mfanyakazi anaishi kambini mwaka mzima, nyumba yake iko kijijini imefungwa kufuli, na kila mwezi anakatwa kwa bima ambayo siku ya wizi haitamlipa. Wakala hakuuliza nani anakaa humo, au aliuliza na kuandika jibu lake mwenyewe. Mtu wa namna hii aliarifu shirika mara moja na kuomba sharti lirekebishwe. Wakikataa, avunje katika siku 15 za kwanza ikiwezekana. Asingoje.

Tumesema jedwali hili limerithiwa. Yafaa basi kuona wenyewe waliotuachia wanafanyaje leo. Uingereza, anayenunua bima ya nyumba ana siku 14 za kutafakari, ambamo aweza kuirudisha hati na kurudishiwa fedha zake, isipokuwa malipo ya siku alizokingwa na huduma aliyopewa. Kwa bima ya maisha siku hizo ni 30. Ufaransa walikwenda mbali zaidi. Kwa sheria ya mwezi Machi 2014, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2015, mwenye nyumba akishamaliza mwaka wa kwanza aweza kuvunja bima siku yoyote bila adhabu. Bima inakoma baada ya mwezi mmoja, na shirika linampa ada iliyobaki katika siku 30. Hata kabla ya hapo sheria yao ilimruhusu aliyehama makazi, aliyebadili kazi au aliyestaafu kuvunja bima kwa sababu hiyo bila kutozwa fidia, akifanya hivyo katika miezi 3.

Na India, ambako tulichukua jedwali letu la mfano? Mwezi Juni 2024 mamlaka ya bima ya huko iliagiza kwamba mwenye bima wa kawaida aweza kuivunja wakati wowote kwa kuliarifu shirika tu, na kama mkataba ni wa mwaka mmoja na hajadai fidia yoyote, arudishiwe kwa uwiano wa muda uliobaki. Mashirika ya India hayakufungwa kwa ajili hiyo. Twalitaja hili kwa sababu viongozi wetu wanapokutana na mashirika ya bima ili kupatana bima ya pamoja ya wanachama, hujibiwa kuwa jedwali ni desturi ya biashara isiyobadilika. Waulizwe kuhusu India. Katika mapatano ya pamoja, ambapo chama kinaleta wanachama mamia kwa siku moja, sharti la kuhesabu siku kwa siku kwa anayeachishwa kazi laweza kudaiwa na kuandikwa. Chama kisitie sahihi bila sharti hilo, hata kama ada ni nafuu.

Kwa anayeamua kuvunja, utaratibu ni huu. Andika barua, usipige simu tu wala usimtume wakala, kwa kuwa wakala anapoteza mteja na hana haraka. Barua iseme hivi:

"Mimi ni mwenye hati ya bima nambari ..... ya nyumba iliyoko ..... Naomba bima hiyo ivunjwe kuanzia tarehe ..... Sijalipwa wala sijadai fidia yoyote kwa hati hii. Tafadhali nielezeni kwa maandishi ni kiasi gani mnazuia, kwa sharti nambari ngapi la hati, na ni kiasi gani mnanirudishia. Naambatisha hati halisi na nakala za stakabadhi za malipo."

Tarehe ya kuvunja isiwe siku iliyokwisha kupita. Mashirika hayahesabu kurudi nyuma. Nakala ya barua igongwe mhuri wa kupokelewa ibaki kwako, pamoja na nakala ya hati yenyewe kabla hujairudisha. Ushuru wa stempu na tozo za serikali kwa kawaida havirudi, kwa hiyo usishangae kuona vimetolewa kwanza. Anayehamia shirika jingine ahakikishe hati mpya imeanza kabla ya ile ya zamani kukoma, hata kama ni kulipia siku moja mara mbili.

Jibu likija na hesabu haieleweki, mpelekee katibu wa tawi pamoja na hati. Mara nyingi kosa ni dogo: karani amehesabu toka mwezi wa makato badala ya siku bima ilipoanza, au shirika lenyewe ndilo lililovunja na bado likatumia jedwali, jambo ambalo hati hairuhusu. Shirika likikataa kusahihisha, mlalamikaji apeleke kwa wasimamizi wa bima: Uganda na Kenya ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ya kila nchi, Tanzania ni TIRA na pia msuluhishi wa migogoro ya bima, Zambia ni Mamlaka ya Pensheni na Bima, Rwanda ni Benki Kuu ya nchi hiyo, na Burundi na Kongo ni ARCA ya kila nchi. Apeleke nakala, siyo hati halisi, na barua ya shirika ya kukataa iwe juu ya karatasi nyingine zote.